Nodi ya Bitcoin kupitia Tor imegoma tangu umeme urudi (Kigoma)

fundi_mwanga

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaitupa hii kitu ziwani.

Nina nodi ya Bitcoin (mashine inayotunza na kuhakiki yenyewe kumbukumbu zote za miamala), programu ni Bitcoin Core toleo la 28, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye diski ya SSD ya TB 1. Iko kibandani kwangu Mwanga ninapotengeneza simu, juu kwenye shelfu, nyuma ya boksi la vioo vilivyopasuka. Inapita Tor peke yake, ule mtandao unaopitisha mawasiliano kwenye vituo kadhaa ili usijulikane ulipo. Sababu kubwa wala si kujificha, ni laini. Natumia modemu ya laini ya simu, na laini hizi hazikupi IP yako mwenyewe, mnachangia moja watu kibao, kwa hiyo mgeni wa nje hana mlango wa kubisha. Kwa Tor mashine yangu ndiyo inayotoka kwenda kukutana na wageni huko ndani. Nodi inapata anwani yake ya .onion, ile ndefu ya herufi 56, na watu wanaingia bila mimi kugusa ruta.

Kwenye torrc, faili la mipangilio ya Tor, nina hivi:

`ControlPort 9051`
`CookieAuthentication 1`
`CookieAuthFileGroupReadable 1`

Na bitcoin.conf:

`proxy=127.0.0.1:9050`
`listen=1`
`onlynet=onion`
`maxuploadtarget=500`
`debug=tor`
`debug=validation`

Mtumiaji anayeendesha bitcoind nimeshamwingiza kundi la debian-tor. Hilo lilinitesa siku mbili mwanzoni, logi inalia haiwezi kufungua faili la kuki (nywila ya kuiamrisha Tor), kumbe ni ruhusa tu.

Bloku zenyewe, yaani mafungu ya miamala yote tangu mwanzo, sikuzipakua kwa bando. Ni zaidi ya GB 600, ningeuza kibanda. Rafiki yangu wa Dar alininakilia kwenye diski, diski ikapanda treni ya reli ya kati mpaka hapa, nikaiambia ihakiki upya kwa `-reindex`, wiki nzima feni inaunguruma. (Kwa atakayeiga: msisahau faili dogo la xor.dat ndani ya folda ya blocks. Tangu toleo la 28 bloku zinaandikwa zikiwa zimevurugwa kwa ufunguo ulio humo. Mimi nililisahau, nikapokea GB 600 za takataka.)

Sasa shida. Alhamisi iliyopita transfoma ya mtaani ililipuka, tukakaa giza siku tatu. Jumapili umeme umerudi, Pi imewaka, taa zinamulika, lakini nodi haijaungana na nodi mwenzake hata moja. `getnetworkinfo` inasema miunganisho 0. Tangu Januari umeme umekatika mara nyingi tu, hata usiku kucha, na ilikuwa inarudi yenyewe. Nimewasha upya mara sita. Diski inasomeka. Simu ikishika hiyo hiyo modemu, intaneti ipo.

Natanguliza shukrani.

kijana_ujiji

Hiyo inakuingizia shilingi ngapi kwa siku mkuu?

fundi_mwanga

Sifuri. Wanaolipwa ni wachimbaji, wale wanaotengeneza bloku mpya, mwenye nodi halipwi. Mimi nataka pochi yangu iulize mashine yangu salio, isiende kuuliza seva ya mtu nisiyemjua na kumwachia orodha ya anwani zangu zote. Sasa kama huna jibu la transfoma, tulia.

dada_bandari

Pole kaka. Acha logi ya Bitcoin kwanza, tupe ya Tor:

`sudo journalctl -u tor@default -n 50`

Halafu andika `date` na ubandike hapa inachosema. Usiniambie "iko sawa", bandika.

fundi_mwanga

Dada, `date` inasema Alhamisi. Leo Jumatatu.

Logi ya Tor inarudia onyo lile lile, kwamba saa yangu iko nyuma kwa siku tatu na ushee ukilinganisha na orodha yao ya mtandao. Nililiona jana nikadhani ni onyo tu kama maonyo mengine. Ila sielewi, Pi si huwa inajirekebisha saa ikipata intaneti?

mzee_wa_cheyo

Kijana, hujambo. Nipo Tabora, nimestaafu, nilikuwa upande wa simu za reli. Enzi zetu stesheni zilikuwa zinapigiana simu asubuhi kulinganisha saa kabla ya treni ya kwanza, kwa hiyo kesi yako naijua kwa sura.

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa, inaandika kwenye diski saa iliyokuwa inaijua mara ya mwisho, na ikiwaka inaendelea kuhesabu kutoka pale. Siku tatu za giza kwake hazikuwepo. Kwa kawaida ikipata intaneti inauliza seva za muda, porti 123 ya UDP, inajiweka sawa baada ya sekunde chache. Kama haijajiweka, kuna kitu kimeizuia. Umeweka faiwoli, yaani kizuizi cha mawasiliano?

fundi_mwanga

Shikamoo mzee.

Ndiyo... Nimeiweka mwezi huu. Nilisoma mahali kwamba programu inaweza kuteleza ikatoka nje bila kupita Tor, nikaandika kwenye nftables, faiwoli ya Linux, kwamba kisitoke chochote isipokuwa cha mtumiaji debian-tor. Nikajiona bingwa. Sikuitaja mwanzoni kwa sababu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, wiki mbili nzima.

mzee_wa_cheyo

Marahaba. Ndiyo hiyo. Kukatika kote kwa nyuma kulikuwa kabla ya faiwoli, maswali ya saa yakawa yanapita. Sasa umeiambia mashine hakuna kutoka ila kwa Tor. Tor nayo, ikiwaka, inachukua orodha ya vituo vyake. Orodha hiyo hutolewa upya kila saa moja na imeandikwa inaanza lini kutumika na inakwisha lini. Kupotoka kwa saa kadhaa inavumilia kwa manung'uniko. Siku tatu haikubali, inaona orodha ni ya siku ambazo kwako hazijafika. Kwa hiyo Tor inaisubiri saa, na saa inaisubiri Tor, na hata ingepewa njia isingefaa, maana Tor haibebi UDP.

Leo iwekee saa kwa mkono, `sudo date -s`, kisha `sudo systemctl restart tor`. Dawa ya kudumu tutaongea.

fundi_mwanga

Mzee Mungu akuweke. Tor imefika asilimia 100 ndani ya dakika moja. Miunganisho ya kutoka 10, wa kuingia wameanza, anwani ni ile ile ya zamani (faili la onion_v3_private_key, ufunguo wa hiyo anwani, lipo, sikuligusa).

Ila jambo jipya. Imekamata bloku za siku zote tatu mbio mbio, halafu ikasimama. Nikilinganisha na kwenye simu, iko nyuma bloku 24 hivi. Inasogea, lakini pengo halipungui. Saa nzima sasa, wao wakipata moja na mimi napata moja, nabaki nyuma 24 zile zile. Nimebadilisha wenzangu wote, hali ni hiyo hiyo. Ni Tor nzito au?

dada_bandari

Si Tor. Pengo la Tor nzito lingecheza, lako limesimama. Tafuta neno `time-too-new` kwenye debug.log.

Na unijibu kitu kimoja: ulipoweka saa kwa mkono ilikuwa saa ngapi, na uliandika nini?

fundi_mwanga

Lipo, limejaa.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Niliandika 04:15.

Aaah.

dada_bandari

😂😂😂 Kaka umeiwekea Pi saa ya Kiswahili!

kijana_ujiji

Nimecheka mpaka wateja wameondoka

dada_bandari

Niwaeleze wengine. Saa nne asubuhi ya kwetu mashine inaiita 10. Akiandika 04:15, yuko nyuma saa 6. Tor imenung'unika ikapita. Bitcoin haina huruma hiyo: bloku yenye muda unaoizidi saa yako kwa zaidi ya saa 2 inakataliwa mpaka wakati wake ufike. Toa 2 kwenye 6 zinabaki 4, na kwa bloku moja kila dakika kumi unapata 24. Ndiyo maana pengo lilikuwa halibanduki. Zamani nodi ilikuwa inajisogeza kidogo kwa kusikiliza saa za wenzake, ila toleo la 27 la mwaka 2024 liliondoa hilo kwenye ukaguzi wa bloku. Sasa ni saa ya mashine yako tu.

Angalia na `timedatectl`, iandike Africa/Dar_es_Salaam. Ikiwa kwenye UTC utakosea tena kwa saa 3.

Halafu faiwoli, ongeza mstari huu kabla ya ule unaozuia vingine vyote:

`meta skuid "systemd-timesync" udp dport 123 accept`

Kwenye timesyncd.conf weka seva ya muda kwa namba ya IP, si jina, la sivyo itabidi ufungue na DNS, huduma ya kugeuza majina kuwa namba za IP. Kampuni ya simu itaona kuna kifaa kinauliza saa. Kila simu hapo Mwanga inauliza saa.

Na ukitulia, hiyo `onlynet=onion` peke yake mimi siipendi. Anwani za onion mtu anatengeneza elfu bila gharama, kwa hiyo mwenye nia mbaya anaweza kukuzungusha nodi zake pande zote ukadhani ndio mtandao mzima. Weka i2pd, programu ya I2P (mtandao mwingine wa siri kama Tor), kisha:

`i2psam=127.0.0.1:7656`
`onlynet=i2p`

huku ile ya onion ikibaki. Bitcoin Core inaikubali I2P tangu toleo la 22. Ni ya polepole, ila wewe bloku unazo tayari.

mzee_wa_cheyo

Mimi ningenunua kidude cha DS3231, saa yenye betri yake. Ukishakifunga hutegemei faiwoli wala modemu.

kijana_ujiji

Swali la kweli sasa. Benki Kuu si walitoa tangazo?

dada_bandari

Tangazo la Novemba 2019 lilisema hizi si fedha halali hapa nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kuendesha nodi si kuuza wala kununua. Ukianza kuuza, hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako.

fundi_mwanga

Mrejesho, maana nachukia nyuzi zinazoishia hewani.

Jana saa nilisahihisha, bloku 24 zikaingia ndani ya dakika chache. DS3231 nimekipata kwa jamaa aliyekuwa nacho kwenye Arduino ya shule, hakitumii. Betri ya CR2032 nimeing'oa kwenye ubao wa kompyuta mbovu iliyokaa kwangu mwaka mzima mwenyewe hajaifuata (akija nitamwekea nyingine). Pini nne: umeme, ardhi, SDA, SCL. Kwenye /boot/firmware/config.txt nimeongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, nikaiondoa fake-hwclock (ile ya kuandika saa kwenye diski), nikaandika saa mpya kwa `hwclock -w`. Safari hii kwa saa ya mashine, dada, usicheke.

Jaribio: nimezima Pi, nikachomoa modemu, nikaenda Kibirizi kutafuta migebuka, nikarudi baada ya saa tatu. Nimewasha bila modemu. `date` imesema 17:42. Simu yangu nayo 17:42. Nikachomeka modemu, Tor ikapanda, wa kuingia wanne.

I2P nitaiweka Jumamosi, leo nina simu sita za watu mezani.