Naomba ushauri: chakula gani kinakaa kwenye friza bila kuharibika? Nakaribia kujifungua

noah_nyeusi: Habari zenu wakuu. Natarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa pili. Nataka nipike mapema nigandishe, nikitoka hospitali kazi iwe kupasha tu. Friza ninayo, nimeinunua kwa hela ya kikoba. Maharage najua yanakaa. Je, mchuzi wa nyama, mtori na wali? Nipo Kimara. Nisaidieni haraka, usingizi hauji.

Mama Wawili: Hongera mpenzi. Ila tangu lini mzazi akalelewa na friza? Hauna ndugu? Mkwe wangu alikuja kwa arobaini, mtoto sasa yuko chekechea na bibi bado yupo. Ananichosha, lakini sijui deki inapigwaje tena.

kisu_butu: Friza ya lita ngapi? Isije ikawa na nafasi ya bia za watu.

Mpishi wa Chumbageni: Nijibu swali lililoulizwa. Mchuzi wa nyama unakaa miezi miwili mpaka mitatu bila kupoteza ladha, ila viazi mviringo usiweke, vikiyeyuka vinakuwa majimaji. Tui zito la nazi linakatika, kwa hiyo gandisha bila tui, utie siku ya kupasha. Mtori: gandisha supu na nyama yake, ndizi umenye na kuchemsha siku hiyo hiyo. Wali sikushauri, wa moto unapikwa mara moja. Ukishaepua usiache sufuria mezani mpaka usiku. Gawa kwenye makopo ya aiskrimu, yaweke kwenye beseni la maji baridi, ndani ya saa mbili yawe frizani. Usijaze mpaka mdomoni, mchuzi ukiganda unatanuka. Kuyeyusha ni ndani ya friji, sehemu ya chini, siyo juu ya kabati kwa joto la Dar. Pasha mpaka uchemke, na ukishayeyuka usiurudishe kuganda.

fundi_luku: Na umeme je? Friza iliyojaa, usipoifungua, inashika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu ni 24. Ukiwa na nafasi jaza chupa za maji. Uniti nazo uweke za kutosha, usije ukaishiwa LUKU ukiwa wodini.

Mama Wawili: Hajajibu. Nani anakuja kukukanda?

noah_nyeusi: Asante Mpishi. Mama yangu ni marehemu. Dada wa kazi ameondoka. Mume kazini sheria inampa siku 3 tu. Ndiyo maana ya friza.

Mama Wawili: Pole sana kwa mama. Na mkwe?

noah_nyeusi: Yupo Moshi. Anakuja.

Mama Wawili: Sasa kama anakuja, makopo yote hayo ya nini?

noah_nyeusi: Jamani msinihukumu. Nimemwambia tarehe yangu ni mwezi mmoja baada ya ile ya kweli. Akija atakuta mtoto ana mwezi mzima. Mume anajua tarehe, hajui kwamba mama yake ana nyingine. Wa kwanza alimpa maji ya sukari akisema analia kiu, mtoto akaharisha tukalazwa. Kliniki wanasema miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Nilipomwambia akasema yeye amekuza sita. Sina ugomvi naye. Nataka nipumue kwanza.

Mzee wa Busara: Ndoa za siku hizi. Mama wa watu anafunga safari na ndizi zake, wewe unampa kalenda ya uongo. Huyo mume unayemlia hela alikuzwa na maji hayo hayo.

Nesi Mstaafu: Mzee, acha. Maji kwa kichanga kweli ni hatari. Dada, mpeleke mkwe kliniki ukamsikilizishe nesi. Mkwe hakusikii wewe, atamsikia mwenye sare.

noah_nyeusi: Nilishafikiria, ila makopo nimeshanunua.

kisu_butu: Sababu nzito hiyo.

Tumbo Joto: Wakuu, hii chai. Aidii hii hii wiki iliyopita ilikuwa jukwaa la magari inauliza gia boksi ya Noah, ikasema "waifu amenuna". Leo ina mimba?

Mzee wa Busara: Nilijua tu. Chai ya tangawizi.

fundi_luku: Chai au siyo chai, mimi maharage yangu yapo kwenye mkaa, nayagawa leo.

noah_nyeusi: Siyo chai! Akaunti ni ya mume wangu. Simu yangu imepasuka kioo, natumia yake akilala.

Tumbo Joto: Kwa hiyo akiamka akifungua anakutana na huu uzi?

kisu_butu: 🍿

Mama Wawili: Dada? Upo?

Mpishi wa Chumbageni: Nilisahau: makopo yaandikwe tarehe kwenye plasta, na kila kopo liwe la mlo mmoja.

noah_nyeusi: Uzi unafutwaje?

fundi_luku: Ukishajibiwa haufutiki.

noah_nyeusi: Wakuu, mwenye akaunti hapa. Nimesoma kuanzia juu mpaka chini. Mpishi, supu ya kongoro nayo inagandishwa?