Mnaowauzia vijana wa Mbeya "Fed wanachapisha hela", mtaacha lini?

Wakuu, ndaga fijo kwa wa nyumbani, salamu nyingine baadaye. Nimechoka.

Hapa mjini kuna jamaa anajiita mwalimu wa uchumi. Ana kundi la WhatsApp la kulipia, na mara mojamoja anakodi ukumbi maeneo ya Kabwe. Desemba 2025 Benki Kuu ya Marekani (Fed) ilipotangaza kununua hati za mkopo za serikali yao za muda mfupi, dola bilioni 40 kwa kuanzia, huyu bwana akarusha sauti kundini: QE (benki kuu kutengeneza hela mpya na kununulia dhamana) imerudi, hela zinamwagwa, tia mtaji wote kwenye sarafu za mtandaoni! Mpwa wangu anauza mchele Mwanjelwa. Akatia mtaji wa mchele, akaona hautoshi, akaongezea mkopo wa kausha damu. Sasa marejesho ni kila siku na kwenye kizimba chake sokoni hakuna hata gunia. Mwalimu ukimuuliza anakuambia "subira".

Subira ya nini? Manunuzi yale Powell, mwenyekiti wa Fed wakati huo, aliyasemea mwenyewe mbele ya waandishi: ni ya kuhakikisha mabenki yana akiba ya kutosha, hayahusiani na mwelekeo wa sera ya riba. Yamekuja baada ya Fed kusitisha, tarehe 1 Desemba, zoezi la kupunguza mizania (jumla ya dhamana na mali wanazoshikilia) walilolianza Juni 2022. QE yenyewe ni kununua dhamana, yaani hati za mkopo, za miaka mingi ili riba za muda mrefu zishuke. Hapa wananunua vihati vinavyoiva ndani ya mwaka. Mtu anayelipisha watu kwa mwezi hajui hilo? Anajua, ila halimuuzii.

Halafu QE huwa inakuja lini? Tarehe 15 Machi 2020 riba ya Fed ilishushwa mpaka kati ya asilimia 0 na 0.25, na siku hiyohiyo wakatangaza kununua dhamana za dola bilioni 700. Yaani riba ilikuwa imefika chini kabisa, hakuna tena pa kushusha. Desemba 2025 riba ilikuwa kati ya 3.50 na 3.75. Walikuwa bado na nafasi kubwa ya kukata kabla ya kufika huko. Labda soko la dhamana lipasuke ghafla kama Uingereza Septemba 2022, mifuko ya pensheni ilipobanwa na benki kuu yao, Bank of England, ikaingia kununua. Hata hao walinunua wiki mbili na siku kadhaa, wakaacha. QE ni gari la zimamoto. Ukiliona linapita kasi, mtu mzima hashangilii, anauliza kunaungua wapi.

Na tuseme imerudi kweli. Sisi tunafaidi nini? Kati ya 2020 na 2022 mizania ya Fed ilitoka kama dola trilioni 4 ikakaribia trilioni 9. Mkulima wa viazi Uyole aliona hata senti? Alichokiona ni bei ya mbolea kupaa (kulikuwa na bei ya gesi na vita ya Ukraine pia, najua, msinirukie) mpaka serikali ikaja kuzindua ruzuku hapahapa Mbeya, Nane Nane 2022. Kisha Fed wakapandisha riba hadi 5.25 mpaka 5.50, dola zikafuata riba huko, na 2023 zikaadimika nchini. Waulizeni wafanyabiashara wa mpakani Tunduma walivyohangaika.

Hata hiyo Bitcoin, waliosikia kelele hizihizi Novemba 2021 waliinunua karibu na dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000, na walimu wao walishabadilisha namba za simu.

Sasa naomba msaada kwa mwenye kujua sheria. Mtu anayelipisha watu ushauri wa uwekezaji bila leseni, tunaanzia polisi au tunaandika moja kwa moja kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Sauti zake zote ninazo, na risiti za miamala ya mpwa wangu pia. Walimu wa forex, msije inboksi kunifundisha, jibuni hapahapa watu waone.