Pesa za vyoo vya shule zaenda kwa simu ya mtu binafsi! Wazazi wa Lamu tunanyamazia nini?

Assalamu alaikum wazazi wenzangu. Nimevumilia, sasa basi.

Shule ya msingi ya serikali anayosoma binti yangu hapa kisiwani imetaka kila mzazi atoe shilingi 1,500 za vyoo vipya. Vyoo sikatai. Mlango wa choo cha wasichana umefungwa kwa kamba, na waliovunja ungo wanashinda kutwa bila kunywa maji ili wasilazimike kuingia mle. Kwenye mkutano mimi nilikuwa wa kwanza kusema tujenge.

Lakini pesa zinatumwa M-Pesa ya mwanakamati mmoja wa chama cha wazazi! Si akaunti ya shule, si Paybill, namba ya malipo ya shule. Ukituma, jina linalotokea ni lake. Ukitaka risiti unaambiwa meseji inatosha. Haitoshi! Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza mtu yeyote kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi, na michango yenyewe lazima iwe na idhini ya wizara. Idhini hiyo tumeonyeshwa lini?

Alhamisi majina ya wasiolipa yakasomwa paredi, kisha watoto wakarudishwa nyumbani. Binti yangu alipofika alijilaza na sare yake, uso ukutani, chakula hakugusa. Kifungu hichohicho kinasema mtoto asizuiwe kusoma kwa sababu ya michango. Mtoto ana kosa gani?

Na mwezi waliouchagua ni Juni! Upepo wa kusi umekaza, mashua zimevutwa pwani, nusu ya baba za watoto hawa ni wavuvi. Mchango huu ungepangwa wakati wa kaskazi, watu wakalipa kidogo kidogo. Asiye na pesa ana mikono. Mwenye punda angebeba mchanga na mawe kutoka gatini, fundi angetoa siku zake mbili, na gharama ingeshuka.

Mwaka jana tulichangia madawati. Hesabu mpaka leo hatujaiona. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp, nikatolewa.

Nasema wazi: kwa sheria hiyo, chama cha wazazi ni kila mzazi mwenye mtoto pale shuleni pamoja na mwakilishi wa walimu. Si mali ya watu watano wa kamati. Waite mkutano, walete makadirio ya mafundi zaidi ya mmoja, pamoja na nauli ya kuvusha saruji kutoka Mokowe, kule bara. Pesa zilizokwisha kukusanywa ziingie akaunti ya shule, na kila shilingi inayotoka ibandikwe ubaoni tuisome.

Jumatatu asubuhi naenda ofisi ya elimu ya kaunti. Natafuta wazazi wa kufuatana nami, andikeni hapa. Na mwenye risiti ya madawati ya mwaka jana, hata moja tu, aipige picha aiweke.