Hoja: Kupunguza uzito kwa kuisikiliza njaa na shibe

Mkaazi wa Kikwajuni: Naona anayetaka kupunguza uzito hana haja ya kuhesabu kalori, maana mwili umeshapewa kipimo chake: tumbo tupu hutoa homoni ya ghrelini inayoamsha njaa, na mafuta ya mwilini hutoa leptini, ile iliyogunduliwa mwaka 1994, kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mtu ale akiona njaa, ale taratibu, aache akishiba. Kinachotuharibia ni sinia, ambapo matonge yanakimbizana na shibe haipati pa kusikika.

Binti wa Wete: Kaka, sinia limekukosea nini? Kwetu Pemba kila mtu hula kilicho mbele yake, na bibi yangu alikuwa akimtoa samaki miiba, akitugawia minofu wajukuu, kisha yeye akiwa wa mwanzo kuondosha mkono. Anayekula peke yake, macho yote kwenye televisheni, ndiye asiyejua ameshiba saa ngapi.

Muuguzi mstaafu: Mnisamehe, sinia si suala. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, watu 20 waliachiwa wale watakavyo, na wiki mbili za vyakula vya viwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kwa siku kuliko wiki mbili za vyakula visivyosindikwa. Aliyezoea soda na biskuti aisikilize njaa ipi? Na mwenye kisukari anayejidunga insulini ya kushusha sukari angoje mpaka njaa imwite?

Mkaazi wa Kikwajuni: Bibi Muuguzi, nitakurudia. Dada wa Wete, sikulitukana sinia. Nimeyasema mashindano, na harusini sote tunaona nyama inavyowahiwa.

Binti wa Wete: Hizo ni harusi zenu za mjini.

Mzee wa Mkunazini: Wanangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, wala hakutaja sinia wala sahani. Linalonikera mimi ni mwenyeji: umeshasema Alhamdulillahi, umeshaomba maji ya kunawa, naye anakuongezea upawa wa wali wa nazi huku akiapa kwamba usipoumaliza umemdharau. Hapo shibe yangu ina kauli gani?

Binti wa Wete: Babu, ukija Wete utaapiwa na utakula, kwani mgeni akiondoka na nusu tumbo, Unguja nzima itasikia.

Mkaazi wa Kikwajuni: Basi tujadili hilo: aliyeshiba akatae vipi bila ya kuvunja adabu?

Muuguzi mstaafu: Mimi bado nangoja jibu la insulini.