Mjadala: Je, farasi ndio waliomfilisi Marcel Boussac?

Mtoa hoja:
Kila anapotajwa Marcel Boussac, tajiri wa viwanda vya nguo wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1980, husemwa kwamba mali yake iliishia katika mazizi ya farasi wa mbio. Napinga dai hilo. Farasi wa Thoroughbred, yaani aina maalumu ya farasi wa mbio, aliowazalisha katika shamba lake la Fresnay-le-Buffard, huko Normandy, walishinda Prix de l'Arc de Triomphe (Arc), mbio kubwa za farasi za Paris, mara 6 kati ya mwaka 1936 na 1949, na mwaka 1950 Galcador akashinda Derby ya Epsom nchini Uingereza. Kilichomwangusha ni pamba. Masoko ya makoloni yalipopotea na nyuzi za sintetiki kuenea, aliving'ang'ania viwanda vyake vya pamba vya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, kama alivyovizoea, ingawa ni yeye huyohuyo aliyethubutu mwaka 1946 kumpa Christian Dior mtaji wa kuanzisha jumba lake la mitindo.

Mchangiaji:
Ndugu mtoa hoja, umewaondolea farasi lawama haraka mno. Sidai kwamba walikula fedha. Nadai kwamba ugonjwa wa viwandani ulianza kuonekana mazizini. Mtazame Coronation, mshindi wa Arc ya 1949: baba yake, Djebel, alikuwa mtoto wa Tourbillon, na mama yake, Esmeralda, alikuwa binti wa Tourbillon huyohuyo. Alikuwa na kasi ya ajabu, lakini hakuacha kizazi. Vita vilimwumiza Boussac, hilo sibishi, kwa kuwa Wajerumani walimchukua dume wake bora, Pharis, mwaka 1940, na Corrida, aliyeshinda Arc mara mbili, akapotea mwaka 1944. Hata hivyo, amani iliporudi angeweza kutafuta damu ya nje kwa bidii, naye akaendelea kuutegemea ukoo wake mwenyewe hadi ushindi ukawa haba.

Mtoa hoja:
Hapo nakubaliana nawe kuhusu mtu, si kuhusu farasi. Licata, jike wa ukoo huohuo, alipopandwa na Mill Reef, dume wa nje, alimzaa Acamas, aliyeshinda Prix du Jockey Club, mbio nyingine kubwa za Ufaransa, mwaka 1978, mwaka uleule kampuni ya nguo ya Boussac ilipoanguka. Farasi wa Boussac wakanunuliwa na Aga Khan wa Nne, ambaye wengi wetu Afrika Mashariki tunamfahamu zaidi kwa hospitali za Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1982 Akiyda, binti wa Licata, akamshindia Arc. Mali hiyo ya mazizini ilikuwa nzima. Aliyeiamulia peke yake kwa miongo mingi ndiye aliyechoka. Anayeendelea kuwalaumu farasi anieleze mnunuzi huyo aliwezaje, kwa damu ileile, kupata ushindi mkubwa hivyo ndani ya miaka 4.