Kaka anarudi kutoka Osaka, sanduku lina nafasi ya kilo chache: aniletee nini?

Mwanaasha_Tanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Kaka yangu anarudi mwezi ujao, kaniambia nichague vitu vya nyumbani vya matumizi ya kila siku. Nafasi iliyobaki ni kilo tano hivi. Nimewaza jiko la umeme la kupikia wali, chupa ya chai, taulo na kikata kucha. Kipi kiondoke?

FundiWaya
Jiko liondoke, tena la kwanza. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230 na ushee. Ukilichomeka ukutani limekwisha. Yapo majiko ya volti 220 wanayouziwa wasafiri, hata hapo Osaka mtaa wa Nipponbashi, lakini dada, kilo zako tano zote zitaishia humo.

Mzee_wa_Bandari
Marahaba mwanangu. Nimekaa kule miaka, nakwambia anza na chupa. Zojirushi na Tiger, kampuni za chupa za chai, wote wametokea Osaka, mmoja 1918 na mwingine 1923, na mashabiki wao wanabishana kama Simba na Yanga. Usiingie ubishi huo. Mwambie kaka ageuze boksi asome namba.

Chupa za kule huandikwa uwezo wa kutunza joto: wanatia maji ya nyuzi 95, chumba kikiwa na nyuzi 20, kisha baada ya saa 6 wanapima yamebaki nyuzi ngapi. Ukikuta moja imeandikwa 68 na nyingine 76, hapo huhitaji ushauri wa mtu. Ila alinganishe chupa za ujazo mmoja, maana kubwa hutunza joto kuliko ndogo hata kama ufundi ni uleule.

La pili ni mpira wa kifuniko. Ndio unaochoka kabla ya chupa yenyewe. Kule unauzwa peke yake, kwa namba ya modeli. Anunue wa akiba siku hiyohiyo, kwa sababu huku Tanga utautafuta mpaka uchoke.

BintMuscat
Mzee, mimi huku nimeona Zojirushi imeandikwa Thailand. Feki?

Mzee_wa_Bandari
Hapana binti yangu. Wana kiwanda huko, nyingi zinatoka Thailand. Kampuni ni ya Kijapani, kiwanda si lazima kiwe Japani. Anayetaka kilichotengenezwa Japani kwenyewe asome chini ya chupa, asiangalie jina tu.

BintMuscat
Afadhali. Maana Daiso, lile duka la Kijapani la vitu vya bei rahisi, ya huku ukigeuza bidhaa nyingi unakuta China. Si vibaya, lakini sio za kubebea kilo za ndege.

Mama_Nuru
Kwenye taulo nitatofautiana na wengi. Kila mtu atakutajia za Imabari, mji wa Japani unaosifika kwa taulo, na kweli ni nzuri: ili lipate nembo yao, kipande kidogo cha taulo huwekwa juu ya maji na lazima kianze kuzama ndani ya sekunde 5. Lakini yale manene ni mazito, na msimu wa mvua hayakauki. Mimi ningechukua ya Senshu, yanatoka kusini mwa Osaka hapohapo alipo kaka. Huoshwa yakishafumwa, kwa hiyo hunyonya maji tangu siku ya kwanza, na mengi ni membamba. Yoyote utakayochagua, usitie dawa ya kulainisha nguo, inaua unyonyaji.

FundiWaya
Kikata kucha je? Cha kampuni ya Kai au ya Suwada?

Mama_Nuru
Kai, wa Seki, mji wa visu. Bei ya kawaida, ukali wa kutosha familia nzima. Suwada ni kama koleo, hufunguka kwa springi, ni ya Sanjo kule Niigata, na bei yake ni mara nyingi ya Kai. Mwenye kucha nene za miguu, kama wazee wetu, huyo anaihitaji kweli. Wengine ni kujionyesha tu.

Mwanaasha_Tanga
Mama ana sukari, na kucha za miguu zinamsumbua.

Mama_Nuru
Basi mpe muuguzi wa kliniki amkatie, msijaribu nyumbani na kitu kikali hivyo. Wewe chukua Kai.

Mwanaasha_Tanga
Sawa dada. Chupa moja ya lita moja na nusu na mpira wake, taulo mbili za Senshu, Kai moja.

FundiWaya
Bado una nafasi hapo. Niongezee pakiti ya nyembe za Feather, nitalipa. Na kaka azitie kwenye sanduku la kupakia, la mkononi watamnyang'anya.