Dijeridu au mchoro wa gome: nimpelekee mzee kipi kutoka Darwin?

Mdigo_Darwin:
Wakuu, salaam. Nimebakiza wiki 5 hapa Darwin, kaskazini mwa Australia, kisha narudi Tanga kabisa. Mzee wangu ana miaka 71, amepiga zumari kwenye harusi mpaka juzi juzi. Nataka nimpelekee kitu kimoja cha Waaborijini, wenyeji wa asili wa huku, kimoja tu maana mzigo tayari umejaa. Duka la watalii jirani yangu lina dijeridu, lile gogo refu lenye uwazi la kupuliza, ya dola 60, imejaa nukta za rangi rangi, inang'aa. Upande wa pili, kituo cha sanaa kina mchoro wa gome la mti, mkubwa kama sinia, dola 400. Mngekuwa mimi mngechukua kipi?

Mpingo_Halisi:
Ya dola 60 iache hapo hapo ilipo. Washa tochi ya simu umulike ndani. Dijeridu ya kweli haichimbwi na mtu. Mchwa ndio hula moyo wa mkaratusi ukiwa bado umesimama. Fundi huzunguka porini akigonga mti mmoja mmoja na kusikiliza uwazi, akiupata anaukata, anamenya gome, anapunguza unene, na mdomoni anaweka nta ya nyuki. Kwa hiyo ndani utaona njia za mchwa, pana hapa, nyembamba pale. Ukikuta tundu limenyooka kama bomba la maji, mashine hiyo.

Na zile nukta zinawachoma. Michoro ya nukta ni ya watu wa jangwani katikati ya nchi, wakati dijeridu ni ya kaskazini. Ni sawa na kukuta siwa ya Lamu imechorwa Tingatinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho ilipiga kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza maelfu ya vitu vya namna hiyo, dijeridu zikiwemo, vilivyotengenezwa Indonesia. Sisi wa Mwenge, soko la vinyago la Dar, mchezo huu tunaujua, mti mweupe unapigwa kiwi ya viatu, mgeni anaondoka na "mpingo".

KatangaAdelaide:
Ndugu, mimi niko upande wa gome. Dijeridu utaitundika, baada ya mwezi watoto wanachezea mpira wa magongo. Gome lina maneno.

Mwaka 1963 serikali ilitenga ardhi ya Wayolngu, Waaborijini wa kule Yirrkala, mashariki ya Arnhem Land, zaidi ya kilomita 300 za mraba, kwa ajili ya machimbo ya boksiti, madini ya alumini, bila kuwauliza. Wazee wakapiga chapa malalamiko yao kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakayabandika juu ya gome, wakayazungushia michoro ya koo zao, wakayapeleka Bungeni Canberra mwezi Agosti. Mahakamani walishindwa mwaka 1971, lakini sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory, jimbo hili la Darwin, ikapita 1976. Kwao mchoro wa ukoo ni kama hati ya shamba, huwezi kuchora wa jirani bila ruhusa.

Ndiyo maana noti ya dola 1 ya mwaka 1966 ilileta fedheha. Benki kuu iliweka mchoro wa gome wa David Malangi, mchoraji wa Kiaborijini, bila kumwambia. Baadaye wakampa dola 1,000, medali na vifaa vya kuvulia samaki. Vifaa vya kuvulia samaki, jamani!

Nakato_K'la:
Samahani naingilia, hili gome ni kama lubugo letu la Buganda?

KatangaAdelaide:
Hapana dada. Nyinyi mnaligonga gome la mti wa mutuba mpaka linakuwa nguo. Wao wanalibandua masika, utomvu ukiwa juu, wanalipitisha kwenye moto lilainike, kisha wanalikandamiza kwa mawe siku kadhaa hadi linyooke kama ubao. Rangi ni ngeu nyekundu, udongo wa njano, udongo mweupe na mkaa. Zamani walichanganya na utomvu wa okidi ili rangi ishike, siku hizi gundi nyeupe ya seremala. Brashi yao nimeiona kwa macho. Ni nywele chache za mtu zimefungwa kwenye kijiti. Mchoraji anailaza juu ya gome, anaivuta taratibu, mstari mmoja mwembamba kama uzi. Halafu mwingine. Halafu anaikata kwa mistari ya upande wa pili, mpaka macho yako yanaanza kuona kitu kinameremeta.

Mdigo_Darwin:
Mkuu umenigusa. Lakini nyumba ya mzee iko karibu na bahari, ukuta wa sebuleni masika unatoa jasho. Gome litaishi?

Mpingo_Halisi:
Litaishi kwa shida. Gome hata likishakuwa mchoro halitulii. Hewa ikikauka linajikunja, ikilowana linalegea, na rangi inabanduka vipande vipande. Makumbusho wanaliweka kwenye chumba cha unyevu usiobadilika. Mzee ataliweka juu ya kabati la vyombo.

Bi_Shela:
Mbona mnazunguka, wanangu? Mtu amesema baba yake ni mpiga zumari. Mpiga zumari wa pwani hakati pumzi. Anajaza mashavu hewa, anaisukuma nje huku anavuta nyingine puani, sauti haikatiki. Dijeridu inapigwa kwa pumzi hiyo hiyo! Mjomba wangu alijifunza kwa kupuliza mrija ndani ya bilauri la maji, mapovu yakikatika anachapwa. Mzee huyo ataichukua na kuipiga siku hiyo hiyo. Picha ataisifu kwa adabu tu.

Ila uulize ya wapi. Wayolngu wa mashariki ya Arnhem Land wanaiita yidaki, na mpigaji huchomeka mlio wa juu katikati ya ngurumo. Watu wa magharibi wana mago, fupi zaidi, na mlio huo hawautumii. Na kwenye shughuli zao za jadi wanaopiga ni wanaume, kwa hiyo dada zako wasianze kurekodi video za madaha nayo.

Daktari_wa_Mtaa:
Mzee anakoroma? Siyo utani. Watafiti wa Uswisi mwaka 2006 waliwafundisha dijeridu watu wenye tatizo la pumzi kukatika usingizini. Walikuwa 25 kwa jumla, 14 wanapiga, 11 wanasubiri zamu. Baada ya miezi 4 waliopiga walipungua kusinzia mchana, na wenzi wao wakalala vizuri.

Mdigo_Darwin:
Anakoroma mpaka mbuzi wanaamka.

KatangaAdelaide:
Basi mimi nimeshindwa na mbuzi. Nunua kwenye kituo kinachomilikiwa na jamii yenyewe, upewe cheti chenye jina la fundi na mahali alipoukata mti. Na nta usiiache kwenye gari Darwin, itayeyuka.

Mdigo_Darwin:
Mrejesho, wakuu. Nimechukua mago, haina rangi hata kidogo, ni mti mtupu, ndani imejaa njia za mchwa. Nimeizungushia mataulo mawili. Jana nilimpigia mzee simu kumwambia. Swali lake la kwanza, "Ina matundu mangapi?" Nikamwambia mawili tu, la kuingizia pumzi na la kutokea. Akanyamaza kidogo. "Hakuna pa kuweka vidole?" Hakuna baba. "Haya, ilete."